Kuhesabu Mabuu: Historia ya Ukaguzi wa Wadudu wa Nyasi katika Nyumba za Marekani

Uwanja wa nyasi wa nyumbani, yaani kipande cha ardhi kilicho mbele au nyuma ya nyumba, kilichooteshwa nyasi zinazokatwa fupi na kumwagiliwa pasipo nia ya kulisha mifugo, ni desturi changa kuliko wengi wanavyodhani. Huko Uingereza, ilikoanzia kwa sura inayojulikana leo, nyasi za namna hiyo zilikuwa alama ya mabwanyenye wenye mashamba makubwa, kwa kuwa ni wao tu walioweza kuwalipa watu wa kuzifyeka au kufuga kondoo wa kuzila zibaki fupi, hadi mwaka 1830 Edwin Budding, fundi wa Stroud katika jimbo la Gloucestershire, alipobuni mashine ya kukatia nyasi. Marekani iliipokea desturi hiyo katika nusu ya pili ya karne ya 19, na kitabu cha Frank J. Scott cha mwaka 1870, kilichohusu upambaji wa viwanja vya nyumba za vitongojini, kiliufanya uwanja wa nyasi uhesabiwe kuwa wajibu wa mwenye nyumba kwa jirani zake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wajenzi wa Levittown, mji wa nyumba za bei nafuu ulioanza kujengwa mwaka 1947 katika kisiwa cha Long Island, waliugeuza wajibu huo kuwa sharti la maandishi, wakimtaka kila mnunuzi akate nyasi zake mara kwa mara, na mzee Abraham Levitt mwenyewe akawa anaandika gazetini namna ya kuzitunza. Mwaka 2005 watafiti waliotumia takwimu za setilaiti walikadiria kuwa nyasi hizo, pamoja na zile za bustani za umma na viwanja vya gofu na michezo, zilifunika takriban kilomita za mraba 163,000 za ardhi ya Marekani, eneo linalozidi kidogo moja ya sita ya Tanzania nzima.

Mmea mmoja unaposambaa juu ya eneo la ukubwa huo, wadudu waulao hawakosekani, na hapo ndipo ilipozuka kazi ambayo historia ya bustani huitaja kwa nadra, nayo ni ukaguzi. Neno hilo hapa lina maana ya kutafuta wadudu kwa utaratibu kabla madhara hayajaonekana, kuwatambua kwa aina, kuwahesabu kwa kipimo cha eneo kinachojulikana, na kuamua kutokana na hesabu hiyo kama kuna haja ya kuchukua hatua yoyote. Kazi hiyo ina umuhimu wa pekee katika nyasi kwa sababu adui mkubwa wa nyasi huishi chini ya udongo, na dalili anazoziacha, yaani mabaka ya rangi ya manjano na kahawia, hufanana mno na dalili za ukame, za ukungu na hata za mkojo wa mbwa, hivyo mtu asiyechimba hana njia ya kujua anapambana na nini. Historia yake haikusonga mbele kwa mfululizo, kwani kila ilipopatikana sumu ya bei rahisi iliyodumu udongoni, hesabu iliachwa, na kila sumu iliposhindwa au ilipopigwa marufuku, watu walilazimika kupiga magoti tena na kuchimba.

Chanzo cha historia hiyo kwa upande wa Marekani kinajulikana kwa mahali na kwa mwaka. Mwezi Agosti 1916 wakaguzi wa idara ya kilimo ya New Jersey, Harry B. Weiss na Edgar L. Dickerson, walipokuwa katika kitalu cha miche cha Henry A. Dreer karibu na Riverton, mji mdogo ulio kandokando ya mto Delaware, walikuta mbawakawa wachache wasiowajua, wenye kichwa na kifua cha kijani king'aacho, mabawa ya rangi ya shaba, na vishungi vitano vya manyoya meupe katika kila ubavu. Mdudu huyo alitambuliwa kuwa Popillia japonica, ambaye kwa kawaida huitwa mbawakawa wa Japani, na dhana iliyokubalika ni kwamba aliingia akiwa buu ndani ya udongo ulioshika mizizi ya maua ya airisi, kabla ya sheria ya karantini ya mimea ya mwaka 1912 kuanza kuwabana waagizaji wa miche. Buu ni mdudu katika umri wake wa utoto, kabla hajaota mabawa, na buu wa mbawakawa huyu ni mweupe, mnene, mwenye kichwa cha rangi ya kahawia na mwili uliojikunja nusu duara.

Kwao Japani mbawakawa huyo hakuwa tishio kubwa, kwa kuwa maadui wake wa asili walikuwapo na maeneo mapana ya nyasi fupi ambayo mabuu wake hupenda yalikuwa haba. New Jersey ilimpa alichokikosa: mvua za kiangazi, malisho, viwanja vya gofu na vitongoji vya Philadelphia vilivyojaa nyasi zinazomwagiliwa. Jike hutaga mayai yake mwezi Julai kwenye udongo wenye unyevu, inchi mbili hadi nne chini ya ardhi, na mabuu wanaoanguliwa hula mizizi hadi baridi inapoanza, hushuka chini zaidi wakati wa majira ya baridi, hupanda tena masika, na hutoka wakiwa mbawakawa kamili kuanzia mwezi Juni ili kula majani na matunda ya takriban aina 300 za mimea. Mdudu mmoja, kwa hiyo, alikuwa na makosa mawili: mkulima wa matunda alimlaumu kwa yale aliyoyafanya juu ya ardhi, na mwenye nyumba alipata hasara kwa yale aliyoyafanya chini yake.

Serikali ilijibu kwa kasi ambayo haikuwa ya kawaida kwa zama hizo. Mwaka 1917 maabara maalumu ilifunguliwa Riverton, mwaka 1919 karantini ilitangazwa ili kuzuia mazao na miche visimpeleke mdudu huyo mbali, na maofisa wakaanza kupima kila mwaka ukubwa wa eneo alilokwisha kulifikia, eneo ambalo mwaka wa kugunduliwa kwake halikufika hata maili moja ya mraba. Juhudi za kumwangamiza zilishindwa, na huenda zisingeweza kufaulu kwa vifaa vya wakati ule, lakini ufuatiliaji ule uliacha urithi wa namna mbili za kuhesabu. Ya kwanza ilikuwa mtego wa mbawakawa wakubwa, uliotokana na ugunduzi wa miaka ya 1920 kwamba geranioli, kiini cha harufu kinachopatikana katika mafuta ya mimea kama mawaridi, huwavuta mbawakawa hao. Na harufu hiyo, ikichanganywa na eugenoli, ambayo ndiyo harufu kuu ya karafuu, iliendelea kutumika hata baada ya feromoni ya jike, yaani harufu anayoitoa kumwita dume, kutambuliwa na wanakemia mwaka 1977. Ya pili ilikuwa jembe.

Mtego ulifaa zaidi kwa ofisa kuliko kwa mwenye nyumba, jambo ambalo watu wengi hawakulielewa na wengi hawalielewi hadi leo. Ofisa aliyetundika mtego katika mji ambao mdudu hajafika alitaka jibu la ndiyo au hapana, na mbawakawa mmoja ndani ya chombo alikuwa ushahidi wa kutosha. Mwenye nyumba aliyeutundika katikati ya mji uliokwisha vamiwa alidhani anajikinga, kumbe anawaalika wadudu wa jirani zake. F. C. Gordon na D. A. Potter walilithibitisha jambo hilo huko Kentucky mwaka 1985, walipoonyesha kuwa mimea iliyokuwa karibu na mitego iliharibiwa zaidi kuliko ile ambayo haikuwa na mtego jirani, kwa sababu mtego huwavuta wengi kuliko unaowanasa. Biashara ya mitego ya majumbani haikutikisika kwa matokeo hayo, na inaelekea haitatikisika, maana mfuko uliojaa mbawakawa waliokufa humpa mnunuzi furaha ambayo takwimu haziwezi kumpokonya.

Jembe ndilo lililozaa ukaguzi halisi wa nyasi. Utaratibu uliozoeleka ni wa kukata pande tatu za futi moja ya mraba ya nyasi mwezi Agosti au Septemba, wakati mabuu wako karibu na uso wa ardhi, kukunjua kipande hicho, kuupekua udongo kwa vidole hadi kina cha inchi tatu au nne, kuwahesabu mabuu, kisha kukirudisha kipande mahali pake na kukimwagilia. Mahali palipoharibika sana kazi hiyo haihitaji hata kisu, kwa sababu mizizi imekwisha liwa na nyasi hunyanyuka na kukunjika kama zulia. Kuhesabu peke yake, hata hivyo, hakutoshi, kwa kuwa mabuu wa aina nyingi za mbawakawa wanafanana kwa umbo, ilhali tabia zao na majira yao yanatofautiana. Anayekagua humgeuza buu chali na kuitazama kwa kioo cha kukuzia sehemu ya chini ya ncha ya tumbo, ambapo kila aina ina mpangilio wake wa vinywele vigumu: mbawakawa wa Japani huwa na mistari miwili mifupi inayokutana kwa umbo la herufi V. Mbawakawa wa kijani wa mwezi Juni, mwenyeji wa Marekani, hurahisisha mambo, kwani buu wake akiwekwa juu ya sakafu hutambaa kwa mgongo huku miguu yake ikitazama angani.

Viwanja vya gofu viliichukua kazi hiyo kabla ya majumba, kwa kuwa vilikuwa na fedha, vilikuwa na mafundi wa kudumu, na kuanzia mwaka 1920 vilikuwa na kitengo cha utafiti wa nyasi ndani ya chama cha gofu cha Marekani. Huko ndiko kilikozaliwa kifaa ambacho wataalamu wanakitumia hadi leo bila kufikiria asili yake, nacho ni kikatio cha mashimo ya gofu, bomba la chuma lenye makali na upana wa inchi nne na robo, ambalo hutoa kipande cha udongo chenye uso ulio karibu sana na moja ya kumi ya futi ya mraba, hivyo idadi ya mabuu waliomo ikizidishwa kwa kumi hutoa hesabu ya futi nzima. Uingereza, kwa upande wake, ilikuwa imeonja gharama ya kutokagua mapema katika mahali pasipotarajiwa: mwaka 1935 uwanja wa kriketi wa Lord's jijini London uliharibiwa na mabuu wa nzi wenye miguu mirefu kiasi cha kuacha sehemu za uwanja tupu, na Afrika Kusini ikapata papo hapo ushindi wake wa kwanza wa mechi ya kimataifa katika ardhi ya Uingereza.

Ila hata katika viwanja vya gofu, kuhesabu hakukudumu. Mtafiti B. R. Leach wa maabara ya mbawakawa alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba aseneti ya risasi, unga wa sumu wenye madini ya arseniki na risasi, ikichanganywa na udongo wa juu iliweza kuwazuia mabuu kwa miaka kadhaa, na wasimamizi wa viwanja wakaipokea kwa mikono miwili, wakiamini kuwa nyasi zilizokwisha kingwa hazihitaji kuchunguzwa. Madini hayo hayaozi, na udongo wa baadhi ya viwanja vya kale bado unayo. Baada ya vita zikaja DDT na klodeni, sumu za jamii ya klorini zilizokuwa rahisi kununua, rahisi kunyunyiza na ngumu kutoweka, na kwa mara ya kwanza mwenye nyumba wa kawaida aliweza kufanya kile ambacho awali kilikuwa anasa ya gofu. Katika zama hizo, ambazo kwa hesabu ya jumla zilianzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, ukaguzi wa nyasi za nyumbani karibu ulikufa, kwa sababu hakuna aliyeona maana ya kupoteza Jumamosi yake akitafuta wadudu ambao unga wa mwaka uliotangulia ulikuwa ungali unawaua.

Njia moja isiyo ya kemikali ilijaribiwa kwa kiwango kikubwa katika miaka hiyohiyo, na inastahili kutajwa kwa kuwa iliwalazimisha wahusika kuendelea kuchunguza. Mabuu wagonjwa walikuwa wameonekana New Jersey tangu miaka ya 1930, na mwaka 1940 Samson R. Dutky aliipa jina bakteria iliyowaua, ambayo leo huitwa Paenibacillus popilliae. Ugonjwa wenyewe hugunduliwa kwa kuvunja mguu mmoja wa buu na kutazama tone linalotoka, ambalo huwa angavu kwa buu mzima na huwa jeupe kama maziwa kwa aliyeambukizwa. Kuanzia 1939 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilisambaza unga wenye mbegu za bakteria hao katika maelfu ya sehemu kwenye majimbo ya mashariki, na kwa miaka mingi unga huo uliuzwa madukani kwa sifa kubwa, hadi majaribio ya baadaye, yakiwamo ya Kentucky yaliyochapishwa mwaka 1995, yalipoonyesha kuwa sifa hizo zilizidi matokeo.

Kilichoivunja imani katika sumu hakikuwa jambo moja. Mwaka 1959 ndege zilimwaga chembe za aldrini, sumu nyingine ya jamii hiyo, juu ya vitongoji vya Detroit huko Michigan ili kumzuia mbawakawa wa Japani, zikaangukia paa, nyasi na watu pamoja, na Rachel Carson akalieleza tukio hilo kwa kirefu katika kitabu chake Silent Spring cha mwaka 1962, akihoji kama kulikuwa na ushahidi wowote wa wingi wa wadudu uliohalalisha hatua ya aina hiyo. Hoja yake kwa kweli ilikuwa hoja ya ukaguzi, ingawa wasomaji wengi wanamkumbuka kwa ndege waliokufa. Wakati huohuo wadudu wenyewe walikuwa wakitoa jibu lao, na kufikia miaka ya 1970 mabuu wa mbawakawa wa Japani katika baadhi ya maeneo, likiwamo jimbo la Ohio, walikuwa wamekwisha kuzoea klodeni na sumu za jamii yake. DDT ilipigwa marufuku kwa matumizi mengi mwaka 1972, aldrini na dieldrini zikafuata, na klodeni ikaondolewa hatua kwa hatua.

Florida ndiko ambako fundisho hilo lilieleweka kwa ukali zaidi, kwa sababu adui wa huko hakujificha ardhini na kushindwa kwa dawa kulionekana kwa macho. Kunguni wa nyasi wa kusini, Blissus insularis, ni mdudu mweusi mwenye mabawa meupe na urefu wa milimita tatu hivi, anayefyonza utomvu wa nyasi ziitwazo St. Augustine, nyasi pana zinazopandwa karibu kila nyumba katika jimbo hilo, na madoa ya manjano anayoyasababisha huanzia kwenye kingo za njia na sehemu zenye jua kali, ambako mwenye nyumba huyadhania kuwa ni kiu. DDT ilianza kumshindwa katika miaka ya 1950, dawa za jamii ya organofosfeti zikashindwa baada yake, na hata nyasi za Floratam, zilizotolewa mwaka 1973 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Florida na Texas A&M kwa sababu kunguni huyo hakuweza kuzidhuru, zilipata kunguni wa kuzidhuru katika miaka ya 1980.

Njia ya kumhesabu kunguni huyo ni mfano mzuri wa sayansi iliyokubali kuvaa nguo za nyumbani. Maofisa ugani, yaani watumishi wa vyuo vya kilimo wanaopeleka maarifa kwa wananchi chini ya mfumo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1914, hawakuwa na uwezo wa kumpa kila mwenye nyumba kifaa cha maabara, ila walijua kwamba karibu kila jiko la Kimarekani lilikuwa na kopo la bati la kahawa. Kopo hilo hutobolewa juu na chini, hushindiliwa inchi mbili au tatu ndani ya udongo mahali nyasi za manjano zinapokutana na zilizo kijani, kisha hujazwa maji na kuongezewa yanapopungua, na ndani ya dakika tano hadi kumi kunguni huelea juu, wachanga kwa wakubwa, tayari kwa kuhesabiwa. Mahali pa kulisimika kopo ndipo penye siri yote ya kazi hiyo, kwa maana katikati ya doa lililokauka mdudu amekwisha kuhama, na mkaguzi anayelisimika hapo hupata maji matupu na kuhitimisha kwamba nyasi zake hazina kunguni. Idadi ya kunguni 20 hadi 25 kwa futi ya mraba huhesabiwa kuwa ndiyo inayodai hatua.

Chenene walihitaji hila tofauti. Aina tatu za chenene kutoka Amerika Kusini zilifika pwani ya kusini mashariki ya Marekani katika miaka ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, pengine katika udongo uliobebwa na meli kama uzito wa kuzitulizia, na bandari ya Brunswick katika jimbo la Georgia ni mojawapo ya mahali walipoonekana mapema. Mdudu anayechimba mashimo usiku na kujificha mchana hahesabiki kwa jembe kwa urahisi, lakini dume lake huimba machweo kwenye mlango wa shimo lililochongwa kwa umbo la tarumbeta, na Thomas J. Walker wa Chuo Kikuu cha Florida aliutumia udhaifu huo katika miaka ya 1970 kwa kutega mitego iliyotoa mlio wa kuigiza, ambapo majike waliokuwa wakiruka walitumbukia chomboni na kuhesabiwa usiku baada ya usiku. Takwimu hizo zilionyesha majira ya kuruka kwao, na kutokana nayo wakati ambao watoto wao wangekuwa wadogo na rahisi kuuawa. Baadaye watafiti wa Florida walileta kutoka Amerika Kusini minyoo nematodi wa Uruguay, walioachiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985, nyigu wa Bolivia, na nzi wa Brazil aitwaye Ormia depleta, ambaye kwa namna ya kustaajabisha humtafuta chenene kwa kuusikiliza wimbo uleule uliotumiwa na mitego.

Kwa mwenye nyumba asiye na mtambo wa sauti, njia iliyofundishwa ilikuwa maji ya sabuni: vijiko viwili vya mezani vya sabuni ya kuoshea vyombo katika galoni moja ya maji, yakimwagwa juu ya eneo la kama yadi moja ya mraba, huwawasha chenene na viwavi wa nyasi mpaka wakatoka juu katika dakika chache. Kichochezi kingine kilichotumika kwa kazi hiyohiyo ni dawa ya pareto iliyozimuliwa sana kwa maji, na hapo historia ya nyasi za Marekani inakutana na nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwa kuwa pareto, iliyoanza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuenea pia katika nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, ndiyo iliyotegemewa na masoko ya Magharibi baada ya vita kuikata Japani, iliyokuwa muuzaji mkuu wa awali. Mkutano huo una sura nyingine, maana nyasi zenyewe ni wageni: ukoka unaotawala viwanja vya kusini mwa Marekani una asili ya Ulimwengu wa Kale, na nyasi za Kikuyu, za nyanda za juu za Kenya na majirani zake, zilipelekwa California kiasi cha mwaka 1918 ili kushika udongo usimomonyoke, zikatoka nje ya mipaka ziliyowekewa na zikawa nyasi za nyumbani kwa baadhi ya watu na gugu kwa wengine.

Vipimo kama cha kopo na cha jembe vilihitaji jambo moja zaidi ili viwe na maana, nalo ni idadi ambayo chini yake mtu aache na juu yake atende. Msingi wa nadharia uliwekwa California mwaka 1959, wakati Vernon Stern na wenzake watatu walipochapisha wazo la udhibiti shirikishi, wakieleza kizingiti cha kiuchumi kuwa ni wingi wa wadudu unaopaswa kuzuiwa kabla haujafikia kiwango cha kuleta hasara inayozidi gharama ya kuuzuia. Wazo hilo lilikaa vizuri shambani, ambako hasara hupimwa kwa bei ya gunia, lakini nyasi za nyumbani haziuzwi, haziliwi, na thamani yake ipo machoni pa mwenyewe na pa jirani yake. Wataalamu wa nyasi waliazima neno na kubadili maudhui, wakazungumzia kizingiti cha mwonekano, na hapo hesabu ilipoteza sehemu ya ukali wake, kwani kizingiti kinachotajwa mara nyingi cha mabuu wanane hadi kumi wa mbawakawa wa Japani kwa futi ya mraba ni kauli ya tahadhari zaidi kuliko ya sheria: nyasi zenye mizizi mirefu zilizomwagiliwa vizuri huweza kubeba mabuu zaidi ya 20 bila kuonyesha dalili, ilhali zilizodhoofika huanguka kwa mabuu watano. Haruo Tashiro wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambaye kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya wadudu wa nyasi wa Marekani na Kanada kilikuwa rejeo la kizazi kizima, na Harry Niemczyk wa Ohio, aliyefundisha wasimamizi wa gofu kuzitazama dalili za maua ya vichaka ili kujua mbawakawa wadogo weusi wanataga lini, walisaidia kuifanya elimu hiyo ishikike mkononi.

Elimu ilifika majumbani kwa njia ya watu wa kujitolea, hasa baada ya jimbo la Washington kuanzisha katika miaka ya 1972 na 1973 mafunzo ya wakulima-bustani mahiri, raia wanaofundishwa na chuo kwa sharti la kuwajibu majirani zao maswali, na mpango huo ukaenea karibu nchi nzima. Sheria, hata hivyo, ilikuwa na kigeugeu kinachofaa kukumbukwa. Mwaka 1984 bata bukini wapatao 700 walikufa katika uwanja wa gofu wa Long Island uliotiwa dawa ya diazinoni, na katika miaka iliyofuata dawa hiyo ilizuiwa katika viwanja vya gofu na mashamba ya nyasi, lakini katika nyasi za nyumbani, ambako watoto hucheza peku na ambako mtumiaji hana mafunzo yoyote, iliruhusiwa hadi mwisho wa mwaka 2004.

Kabla hata marufuku hiyo haijakamilika, ukaguzi ulikuwa umekwisha kupata pigo jipya. Mwaka 1994 imidakloprida, dawa ya jamii ya neonikotinoidi inayofyonzwa na mizizi, iliidhinishwa kwa nyasi, na kwa kuwa hufanya kazi vizuri zaidi ikiwekwa kabla au wakati wa kuanguliwa kwa mayai, mnunuzi hulazimika kuamua wakati ambapo hakuna buu wa kumhesabu. Kizingiti cha mabuu kumi hakimsaidii mtu anayetakiwa kunyunyiza mwezi Juni au Julai. Kinachoweza kumsaidia ni kumbukumbu ya hesabu ya vuli iliyotangulia, ambayo wachache huiandika, na hivyo kampuni za utunzaji wa nyasi ziliona ni rahisi zaidi kunyunyiza kila nyumba kila mwaka. Hali hiyo inafanana mno na ile ya aseneti ya risasi, tofauti ikiwa katika kiasi cha sumu na katika viumbe wanaoumia, maana madhara ya neonikotinoidi kwa nyuki wanaofuata maua ya magugu yaliyomo ndani ya nyasi yameonyeshwa na tafiti, na mwenye nyumba anayekata maua hayo kabla ya kunyunyiza hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa.

Ufuatiliaji ulibaki hai zaidi pale ulipoanzia, yaani mikononi mwa maofisa, katika maeneo ambayo mdudu bado ni mgeni. Palisade, mji wa mashamba ya pichi katika jimbo la Colorado, ulimgundua mbawakawa wa Japani mwaka 2003 na kufikia mwaka 2009 ulikuwa umemwondoa, kwa mitego na kwa kuzitibu nyasi za wakazi. Ulaya bara ilimpata mwaka 2014 katika bonde la mto Ticino huko Italia, na mwaka 2023 alikutwa Kloten, mji ulio kando ya uwanja wa ndege wa Zurich nchini Uswisi. Mamlaka ya huko iliwazuia wakazi kutoa udongo na mabaki ya mimea nje ya eneo hilo, na ikapiga marufuku kumwagilia nyasi, kwa sababu jike hutafuta udongo wenye unyevu anapotaka kutaga.